Bendera Aenda Kutahiniwa

Fujo yote ya Jumanne ile ililetwa na gazeti la Profesa. Mimi nilikuwa nimejikalia zangu pembeni pale Kwa Glenys, nangoja chapati zangu za unga wa oti zenye jibini, mvua inanyesha, dirisha limejaa ukungu, yaani asubuhi ya kawaida kabisa hapa Stoke, katikati ya Uingereza. Sina shida na mtu. Mara Profesa akalikung'uta gazeti na kukohoa kile kikohozi chake cha kuomba asikilizwe.

"Sikilizeni maajabu. Wamewaokota wazawa barabarani, wakawapa ule mtihani wa uraia wanaofanyishwa wageni. Wamefeli vibaya! Mmoja kaambiwa ataje mji mkuu wa Uskoti, kasema Glasgow."

"Kwani sio?" Glenys akauliza kutoka jikoni.

Pembe akatua magi lake kwa kishindo, chai ikamrukia Profesa mkononi. "Edinburgh! Edinburgh, we mama! Tumeungana na nyie miaka mia tatu na ushee, hamjui hata mji wetu mkuu!"

"Usinipigie kelele mimi, mimi Mwelshi. Wapigie hao Waingereza."

Niwajuze watu wangu kabla sijachanganya mambo. Profesa ni Roland, zamani muuza mazulia. Uprofesa kapewa kwa sababu timu yake hushinda mashindano ya maswali pale baa kila Jumatano, na hushinda zaidi akitoka chooni, alikokwenda na simu. Pembe ni Fergus, fundi bomba, Mskoti aliyekuja Stoke kwa kazi ya wiki mbili akaoa. Hamalizi kikombe bila kukukumbusha kwamba yunikoni, yule farasi wa pembe moja kwenye nembo ya taifa, ni wa kwao. Glenys ndiye mwenye mkahawa na mwenye sauti ya mwisho. Mimi wananiita Posta, kwa kuwa nimesambaza barua mji huu mpaka magoti yakagoma.

Wa tano ndiye Bendera. Jina lake hasa ni Clive, lakini ana bendera kwenye gari, bendera mlangoni, bendera kwenye soksi, na mbwa wake kavishwa kola ya bendera, maskini, hata hakuulizwa. Hoja ya Bendera miaka yote ilikuwa moja tu: mgeni anayetaka kukaa hapa apewe mtihani, tena uwe mgumu. Akishasema hivyo anapiga meza, sisi tunaokoa vikombe.

Siku hiyo aliingia kavaa suti. Tai nayo ya bendera.

"Nani kafa?" Glenys akauliza.

"Hajafa mtu. Nipe chai."

Akapewa. Kama ilivyo desturi yetu watu wa Stoke, mji wa wafinyanzi, akakiinua kisahani na kukigeuza aone kimefinyangwa wapi. Tunafanya hivyo hata kwenye misiba. Kisha akakirudisha mezani polepole na kusema kwa sauti ya mtu anayeungama, "Leo saa tano nina mtihani."

"Wa macho?" nikamuuliza.

"Wa uraia."

Nawaambia, Glenys alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Wa uraia," Pembe akarudia taratibu. "Wewe. Bendera. Mtihani wa uraia."

"Nimezaliwa Denmark." Alikuwa anaiambia meza, sio sisi. "Nimeletwa hapa nina miezi tisa. Wazazi hawakuhangaika na uraia, na mimi sijawahi kuomba paspoti. Ya kuendea wapi? Skegness kuna bahari, kuna chipsi, na mlangoni haulizwi mtu."

"Mdenishi!" Pembe akasimama kabisa. "Jamani Mdenishi! Miaka yote hii tunageuza visahani tuone vimetengenezwa wapi, kumbe huyu ndiye wa kugeuzwa!"

Tulicheka. Nisiwadanganye, tulicheka mpaka Profesa akatoa miwani kufuta machozi. Aliyekuwa hacheki ni Glenys peke yake. Alikuwa anamwangalia Bendera anavyokoroga na kukoroga chai ambayo hajaitia sukari.

"Nyamazeni, wehu nyie. Clive, kuna nini?"

"Leanne anaolewa. Mwakani, mwezi wa nane, kisiwani Malta. Wazazi wa bwana harusi wako huko, kila kitu kimeshapangwa. Bila paspoti siendi. Na nisipokwenda, atakayemshika mwanangu mkono kumpeleka kwa mumewe ni Malcolm."

Hapo kicheko kikakatika. Malcolm tunamjua. Ndiye aliyemuoa mama Leanne baada ya kuachana na Bendera, mwanamume anayekunywa kahawa yenye povu na kuvaa viatu bila soksi.

"Malcolm paspoti anayo?" nikauliza.

"Anazo mbili."

"Mwanaharamu," Pembe akasema, na kwa mara ya kwanza wote tulikuwa upande mmoja.

"Si uchukue tu ya Denmark?" Profesa akamshauri.

"Niliwapigia ubalozini. Wakapokea kwa Kidenishi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema samahani, nimekosea namba. Nikakata."

"Na huu mtihani ndio wa kwanza?"

"Wa tatu." Akameza chai. "Na Leanne kaniambia, baba, nakungoja mpaka huu, ukishindwa tena inabidi nimwambie Malcolm apime suti. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia."

Glenys akajifuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti, akakaa. Glenys huwa hakai. "Haya. Muda upo. Profesa, muulize. Sisi tutamsahihisha."

Profesa alifurahi kama kapewa uwaziri. "Tuanze na jepesi. Uingereza, Briteni na Ufalme wa Muungano, tofauti yake nini?"

"Si kitu kimoja?"

Pembe akashika kichwa. "Toba! Ndiyo maana tunataka kujitoa!"

"Tulia, Pembe. Sikiliza, Bendera. Uingereza ni sisi. Briteni ni sisi na Waskoti na Wawelshi. Ufalme wa Muungano ni sisi, na hao, na wale wa Ireland Kaskazini."

"Kwa hiyo sisi tupo kote?"

"Kote."

"Ndiyo tatizo lenyewe," Pembe akanong'ona kwenye magi lake.

"Mlima mrefu kuliko yote?"

"Snowdon," Bendera akajibu haraka.

"Ben Nevis!" Pembe akanguruma. "Uskoti! Milima ni Uskoti, andika kwenye kiganja!"

"Na huo aliosema," Glenys akaingilia, "uko kwetu Wales, na jina lake ni Yr Wyddfa. Tumeshaurudishia jina lake."

Bendera akamtazama kwa hofu. "Hilo naliandikaje?"

"Huandiki, unabonyeza kwenye kompyuta. Na usilibonyeze, kwa sababu jibu ni Ben Nevis."

"Mto mrefu?"

"Thames," akasema Bendera.

"Thames," akasema Profesa.

"Thames," nikasema na mimi, ili nisionekane nimelala.

Glenys alituangalia mmoja mmoja, kama mama anayewakuta watoto na matope sebuleni. "Severn. Na unaanzia wapi? Wales. Mlima wa Pembe, mto wangu. Nyie mna nini?"

"Mvua," nikasema.

"Ziwa tunalo sisi!" Profesa akajitutumua. "Windermere, ndilo kubwa kuliko yote!" Akaitoa simu kuthibitisha, akaisoma, uso ukamwanguka. "Kumbe ni Lough Neagh. Ireland Kaskazini."

Bendera akaweka kijiko chini. "Ngojeni kwanza. Mlima uko Uskoti, mto umetoka Wales, ziwa liko Ireland. Sasa mimi naulizwa nini cha kwetu?"

"Watakatifu!" Profesa akaokoa jahazi. "Mtakatifu wa Uingereza ni nani, na sikukuu yake lini?"

"Joji. Aliua joka." Uso ukachanua, hili alilijua. "Sikukuu yake ni... si ni ile tunapumzika? Ile ya Mei?"

"Hatupumziki," nikamwambia. "Ni Aprili ishirini na tatu, na kazini tunakwenda kama kawaida. Nimebeba barua siku hiyo maisha yangu yote."

"Sisi yetu tunapumzika," Pembe akatamba. "Mtakatifu Andrea, Novemba thelathini. Watu wanaojiheshimu."

"Na huyo Joji wenu alizaliwa wapi?" Glenys akauliza kwa upole ule wake wenye sumu.

"Coventry," Profesa akajibu bila kupepesa.

"Coventry? Thubutu! Uturuki huko, jombaa, kabla haijaitwa Uturuki. Hapa hajawahi kukanyaga hata kwa bahati mbaya. Na Andrea wako, Pembe, mvuvi wa Galilaya. Na Patriki wa Ireland walimteka kutoka ng'ambo hii wakampeleka kwao. Wanne wote, mzawa wa kwao ni mmoja: Daudi, wa Wales. Machi mosi." Akajipiga kifua. "Na kwenye bendera yenu mmewaweka wote watatu wa kuja, msalaba juu ya msalaba. Wales hata kikona hatukupewa."

"Mlikuwa mmeshaunganishwa na Uingereza bendera ilipochorwa," Profesa akajitetea.

"Tuliulizwa?"

Bendera alikuwa anaitazama tai yake. Aliinyoosha juu ya meza kwa vidole viwili, akaikagua. "Kwa hiyo huyu Joji," akasema taratibu, "akija leo na upanga wake pale uwanja wa ndege, naye anapewa mtihani?"

"Tena anafeli," nikasema. "Hajui Severn."

"Nembo!" Profesa akapiga kelele, maana darasa lilikuwa linamponyoka. "Maua! Uingereza?"

"Waridi."

"Wales?"

"Kitunguu."

"Kitunguu cha majani ni sawa, lakini ukiulizwa ua sema dafodili, lile la njano," Glenys akarekebisha.

"Uskoti?"

"Mbigili."

"Ua lenye miiba," Pembe akaongeza, "ili mjue msitukalie. Na mnyama je? Mnyama wetu nani, Bendera?"

Sote tukajibu kwa pamoja kwa uchovu, "Yunikoni."

"Na kwenye nembo mmemfunga mnyororo! Muulizeni mtu yeyote! Simba wenu yuko huru, yunikoni wetu kafungwa!"

"Simba gani wetu?" nikamuuliza. Mimi jambo hili huniudhi tangu zamani. "Hebu niambieni. Waingereza tumechagua mnyama asiyeishi hapa. Waskoti wamechagua mnyama asiyeishi popote. Wales wamechagua joka. Kondoo tunao mpaka barabarani, hakuna aliyemkumbuka hata mmoja!"

"Kondoo hatishi," Pembe akasema.

"Hujabeba barua shambani wewe."

Bendera sasa alikuwa anapumua kwa mdomo. Profesa akamrukia na mila kabla hajatulia. "Novemba tano tunafanya nini?"

"Tunachoma moto na kupiga fataki. Tunachoma sanamu ya yule jamaa aliyetaka kulipua bunge."

"Safi! Na tunasherehekea nini?"

"Kwamba alishindwa." Akasita. "Au kwamba alijaribu?"

Hilo Profesa akaliruka upesi kama dimbwi.

"Kunguru wa Mnara wa London," Profesa akaendelea. "Wakiondoka, inasemekana kitatokea nini?"

"Ufalme utaanguka."

"Na kwa nini hawaondoki?"

"Wanapunguzwa manyoya ya mbawa."

"Ndiyo! Umejua!"

"Nimejua," Bendera akasema, lakini hakufurahi. "Kwa hiyo tumesimama kwa sababu kunguru hawezi kuruka vizuri. Na kila mwaka kule Gloucestershire watu wazima wanabingirika mlimani kukimbiza jibini, wanavunjika miguu, tunawapigia makofi. Mimi haya yote nimeyapenda tangu mtoto, sikuwahi kuuliza sababu. Sasa nikiulizwa sababu, nashindwa. Mwenye kwake huulizwa sababu?"

Alisimama. Uso ulikuwa mwekundu.

"Kila swali mnagombana! Nimekuja kichwa kitupu, sasa kimejaa ugomvi. Hii chai imetoka wapi, Glenys?"

Glenys akachungulia boksi. "Kenya."

"Na hiyo bekoni yako ya nguruwe?"

Glenys akageuza paketi, akasoma. "Denmark."

"Denmark! Kila asubuhi! Bekoni inaingia tu, hakuna anayeiuliza mlima!"

Akachukua kofia, akatoka mvuani bila mwavuli. Tukamwona kupitia dirishani akivuka barabara, midomo inacheza, "Severn, Severn, Severn." Gari likamsimamia apite. Akampungia dereva mkono wa asante, akaendelea.

Basi tukakaa. Sijui kama mmewahi kumsubiri mtu aliye kwenye mtihani. Ni kazi kubwa kuliko mtihani wenyewe. Profesa hakusoma gazeti. Pembe alipigiwa simu kuna nyumba inavuja, akasema waweke ndoo. Glenys alituletea chipsi ambazo hatukuagiza, na alipokuwa anaziweka mezani akasema, "Tungemfundisha jambo moja moja," akarudi jikoni.

"Malta kuna joto," Profesa akasema baada ya muda. "Malcolm hapendezi kwenye joto."

"Malcolm hapendezi popote," nikasema.

Mchana umeshaingia, mlango ukafunguka. Bendera. Koti kalikunja mkononi, mkono wa kushoto wa shati umepandishwa mpaka juu ya kiwiko. Uso mweupe kama unga, na pale kwenye mkunjo wa kiwiko kuna plasta.

"Wamekupiga?" Pembe akauliza, ameshakunja ngumi.

Bendera akakaa. Akaomba maji. Akanywa yote. "Kuna mtu akicheka naondoka."

"Hatucheki," Glenys akasema. "Umefaulu?"

"Sikuufanya."

"Hukuufanya kivipi? Ulichelewa?"

"Niliwahi! Niliwahi kuliko wote!" Akavuta pumzi. "Nimefika pale jengoni karibu na stesheni. Naingia, nakuta foleni. Foleni nzuri, imenyooka, watu wametulia. Mimi macho nimeyafumba nusu, nakariri maua. Nikasimama nyuma."

"Ehe."

"Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja. Akageuka akasema, mvua hii. Nikasema, na jana ilikuwa hivi hivi. Akasema kesho wametabiri afadhali. Tukawa tumeshajuana."

"Ehe," Profesa akasema, na niliona ameanza kuuma mdomo.

"Foleni ikasogea. Akaja dada mwenye sare, akaniuliza kama nimepanga miadi. Nikasema ya saa tano. Akasema humu sikuoni, lakini kuna mmoja hajatokea, chukua nafasi yake. Nikasema asante. Akanichoma kidole. Nikajua wanapima afya kabla ya mtihani. Nikasema moyoni, kweli serikali hii inajali. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema chai tu, akaniletea biskuti na maji mengi, akangoja mpaka nimalize. Akaniuliza kama nimesafiri nje ya nchi karibuni. Nikamwambia, dada, hilo ndilo tatizo langu lote. Akacheka. Halafu akaniambia nilale."

"Ulale," Pembe akasema.

"Kitandani."

"Na hapo hukushtuka?"

"Nilishtuka! Nikaona mabango ukutani, nikaona vifuko vya damu. Nikajua hapa si penyewe, mtihani uko ghorofani. Nilijua kabisa!"

"Sasa kwa nini hukuamka?"

Bendera alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakutembea uchi. "Ningeamkaje, Fergus? Foleni yote inaniangalia. Nimeshakula biskuti yao. Nimekalia nafasi ya mtu. Dada kaniambia lala, nimelala, nimemwambia asante. Unaamka kitandani unamwambia nini, samahani, nilidhani mnauliza mito?"

Profesa alitoka nje. Tulimsikia huko, anapiga ukuta kwa kicheko. Mimi niliuma leso. Lakini Glenys alikuwa hacheki, na Pembe, cha ajabu, naye hakucheka.

"Nilipomaliza wakanikalisha, wakanipa chai na biskuti nyingine. Sikuweza kukimbia, nilikuwa nayumba. Nikapanda ghorofani nimeshika ukuta. Yule wa mapokezi akasema mlango umeshafungwa. Nikamwambia nilikuwa chini natoa damu. Akasema hiyo siyo sababu inayokubalika." Akakifunika kiwiko na kiganja. "Chini waliniambia asante mara nne. Waliniambia kuna mgonjwa ataipata damu hii, tunakushukuru, rudi tena. Ghorofa moja juu, hata kiti sikupewa. Na Leanne anangoja simu. Nimwambie nini? Malcolm akapime suti kwa sababu baba yako aliona haya kutoka kwenye foleni?"

Glenys akainuka, akaichukua simu ya Bendera mezani, akampigia Leanne mwenyewe. Hakukwenda hata jikoni. Alisimama palepale akamweleza yote, foleni, mama wa mvua, biskuti, kitanda. Kisha tukasikia sauti ya msichana kwenye simu, anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Anasema," Glenys akatuambia, ameziba simu na mkono, "Malcolm angewaruka wote akaenda mbele." Akasikiliza tena. "Anasema hataki kushikwa mkono na mtu wa hivyo. Anakungoja ufanye wa nne."

Bendera aliinama. Mabega yakacheza. Mimi nikaangalia dirishani, Profesa aliyekuwa amerudi akaangalia dari. Hayo si mambo ya kumtazama mtu.

Pembe ndiye aliyesimama. Akavua kofia. Huyu mtu hajawahi kutuvulia kofia hata wimbo wa taifa ukipigwa. "Sikilizeni nyie. Mtu kachomwa sindano akiwa anajua amekosea mlango, kwa sababu ya kuona haya kumsumbua mwenye sindano. Mtihani wa kumpima huyu haupo. Mimi nimekaa na Waingereza miaka yote hii, sijaona wa hivi. Hata mimi ningetoroka."

"Waambie wa ghorofani," Bendera akasema, anajifuta pua.

"Lini tena?"

"Kuna nafasi Alhamisi ya wiki ijayo."

"Basi tunakwenda wote," Glenys akaamua. "Nafunga mkahawa. Majibu tutakufundisha njiani, na safari hii anafundisha mtu mmoja, mimi. Tunakupandisha ngazi, tunakukabidhi mlangoni."

Bendera akatikisa kichwa kukubali, akatulia, kisha wasiwasi ukamrudia usoni. "Na tukikuta kuna foleni?"

"Tukikuta foleni," Pembe akasema, anavaa kofia yake, "tunaipita."

Jamani, kupita foleni, Uingereza hii! Mkahawa mzima uligeuka. Profesa alikuwa anakunja gazeti, akaliacha wazi hivyohivyo. Bibi mmoja wa meza ya dirishani, ambaye hata hatumjui, alishusha kikombe chake.

"Fergus," Glenys akasema kwa sauti ya chini. "Humu ndani kuna watu wanakula."

Pembe akawa mwekundu mpaka masikioni. Akakohoa. Akatafuta pa kuweka mikono, hakupaona. "Samahani," akamwambia bibi wa dirishani. "Samahani, Glenys. Nimeteleza."

"Tutafanyaje sasa?" Bendera akauliza.

Tulifikiri sana, wote watano, mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana kitu kimoja na hakuna aliyebisha, jambo ambalo kwenye kijiwe kile sijawahi kuliona: Alhamisi tutafika pale jengo halijafunguliwa, tusimame mlangoni mmoja nyuma ya mwingine, Bendera mbele, ili foleni, kama ni lazima iwepo, ianze na sisi.

Ndipo kila mtu akachukua koti lake. Mlangoni tulikwama kwa muda, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe.